Desperately: jinsi ya kulitumia hili neno la kiingereza bila kuchekwa mkutanoni

Kuna kipindi nilipewa kazi ya kutafsiri kipeperushi cha mradi wa maji, kurasa nne tu, hela ya haraka haraka, nikaimaliza usiku huku nasinzia. Sentensi ya kwanza kabisa ilikuwa "Clean water is desperately needed in this village." Mimi huyo, nikafungua kamusi nikakuta desperately ni "kwa kukata tamaa", nikaandika bila hata kusita: maji safi yanahitajika kwa kukata tamaa katika kijiji hiki. Nikatuma, nikalipwa, nikasahau. Wiki mbili mbele kipeperushi kinasomwa kwenye mkutano wa kijiji na mi mwenyewe nipo nimekaa kwenye benchi la pembeni, mzee mmoja akanyoosha mkono akauliza kwa upole kabisa, "Sasa mwanangu, kama tumeshakata tamaa, hayo maji tunayahitaji ya nini?"

Watu walicheka mpaka mwenyekiti akagonga meza. Mimi nikajifanya natafuta kitu kwenye simu.

Yule mzee hana hata kiingereza cha kuombea maji, na ndo hapo hapo kwenye maji alinifundisha kiingereza. Kwasababu alichosema ni kweli tupu. Mtu aliyekata tamaa hahitaji kitu. Anakaa chini, ananyamaza, anaangalia ukuta. Mtu wa desperately hakai chini hata kidogo, yeye ndo anakimbia huku na kule, anagonga kila mlango, anajaribu hata kitu anachojua hakitafanya kazi. Waswahili tulishammaliza huyu mtu zamani sana kwenye methali: mfa maji haachi kutapatapa. Hiyo ndo picha uiweke kichwani kila unapokutana na hili neno, mtu yupo majini, pumzi inaisha, lakini mikono bado inapiga maji. Akiacha kupiga maji, hapo sasa ndo amekata tamaa, na kiingereza kina neno jingine kwa ajili yake, tutafika.

Kwanini basi kamusi zinasema kukata tamaa? Siyo kwamba zimedanganya, zimeangalia mzizi. Neno limetoka kwenye kilatini, desperare, ile de ya mwanzo inaleta maana ya kukosa au kutoka kwenye kitu, na sperare ni kutumaini. Yani kukosa tumaini. Huo mzizi wa kutumaini ndo huo huo upo kwenye kihispania esperar, na ndo uliozaa jina la ile lugha ya kutengenezwa ya Esperanto, maana daktari Zamenhof, aliyeitengeneza, alipotoa kitabu chake mwaka 1887 alijiita Doktoro Esperanto, daktari anayetumaini. Kwahiyo zamani desperately ilikuwa kweli ni bila tumaini lolote. Shakespeare kwenye tamthilia yake ya King Lear, kule mwishoni, kuna mtu anamwambia mfalme kwamba binti zake wakubwa "desperately are dead", maana yake wamekufa katika hali ya kukata tamaa, wamejimaliza. Hapo kamusi yangu ingekuwa sahihi kabisa. Tatizo neno limetembea miaka mia nne toka hapo na kamusi nyingi za kwetu bado zimekaa stendi ya kwanza.

Siku hizi linafanya kazi tatu. Usizikariri, ziangalie tu zinavyokaa.

Kazi ya kwanza ndo hiyo ya mfa maji. Linakaa na kitendo ambacho mtu anakifanya kwa nguvu zake zote za mwisho huku matumaini yamebaki kijiko kimoja. "He tried desperately to start the engine." Hebu mwone huyo jamaa, gari limezimika katikati ya reli, treni inasikika, anawasha, linakohoa, anawasha tena. Kwa kiswahili utasema alihangaika kuwasha gari, au alipambana kufa na kupona kuliwasha. "She looked desperately around the bus park for her child", huyu ni mama yupo stendi, mtoto kampotea, macho hayatulii, hapo neno zuri ni kuhaha, alihaha kumtafuta mwanae stendi nzima. Unaona hapo "kuhaha" imemeza kitenzi na desperately yote kwa pamoja, hukuhitaji kusema "kwa" chochote. Hii ni siri kubwa ya kutafsiri hili neno: kiingereza kinachukua kitenzi cha kawaida kinakibandika kielezi, kiswahili kina vitenzi ambavyo tayari vina jasho ndani yake. Kutapatapa, kuhaha, kuhangaika, kung'ang'ania, kulilia. Ukishapata kitenzi chenye jasho, kielezi kitupe.

Vitenzi vinavyopenda kukaa na desperately kwenye kazi hii ya kwanza ni try, fight, struggle, search, look for, cling, hold on, hope. Vyote ni vya kupambana, kutafuta au kutumaini. Ndo maana ukisema "he desperately ate the food" msomaji anapata picha ya mtu aliyekaa na njaa wiki nzima, siyo mtu ambaye alikuwa na njaa ya kawaida ya saa nane mchana. Kama unataka kusema tu alikula kwa njaa, hungrily inakutosha.

Kazi ya pili ni ya kutaka na kuhitaji, na ndo utaikuta zaidi kwenye habari na kwenye matangazo ya misaada. Need, want, miss, wish, kidogo na love. "They desperately need a teacher." Hapa hakuna anayekimbia wala kutapatapa, ni kiwango tu cha shida kimepanda mpaka juu. Kiswahili cha kila siku kina neno tamu sana kwa hili, vibaya. Nahitaji hela vibaya sana. Wakenya nao wanaisema sana hiyo, naihitaji vibaya sana. Na cha kufurahisha hata waingereza wana hiyo hiyo, badly, "I badly need a haircut", wala siyo kwamba kunyolewa kunahitajika kwa ubaya. Kwahiyo ukikwama kutafsiri desperately ya kazi ya pili jaribu vibaya sana, mara nyingi inakubali, tofauti ni kwamba kwenye maandishi ya heshima inabidi ubadilishe iwe mno, au kwa kiasi kikubwa, au ugeuze sentensi nzima. Kile kipeperushi changu kilipochapishwa mara ya pili tuliandika "Kijiji hiki kinalilia maji safi" na hakuna aliyenyoosha mkono.

Halafu kuna kazi ya tatu ambayo wengi tunaikosea, ya kukaa mbele ya sifa. Desperately ill, desperately poor, desperately lonely, desperately unhappy, desperately short of money. Hapa maana ya kupambana imeshakufa, limebaki kuwa "sana" la kutisha. Na kiswahili hapa kina utajiri mpaka raha, kwasababu badala ya kusema sana tuna maneno mahususi kwa kila shida. Desperately ill ni mahututi, au hoi bin taabani. Desperately poor ni hohehahe, au maskini wa kutupwa. Desperately in love, huyo amekufa ameoza. Sasa mtu akiandika "mgonjwa sana kwa kukata tamaa" wakati mahututi ipo pale inamwangalia, aisee.

Kuna mstari mmoja watu wa kanisani wanaoisoma biblia ya kiingereza ya King James, ile ya mwaka 1611, wananiulizaga sana. Yeremia 17:9, "The heart is deceitful above all things, and desperately wicked." Mtu anajiuliza moyo unakuwaje mwovu kwa kukata tamaa? Hapo ni kazi ya tatu, uovu uliopitiliza, lakini ina harufu ya ile maana ya zamani ndani yake, kitu kilichofika mahali hakuna tena tumaini la kupona, maana hata ugonjwa usio na dawa ulikuwa unaitwa desperate. Sasa fungua Biblia ya kiswahili, ile ya Union Version, mstari huo huo: "Moyo huwa mdanganyifu kuliko vitu vyote, una ugonjwa wa kufisha." Ugonjwa wa kufisha! Hakuna kukata tamaa, hakuna "sana", wamechukua picha ya mgonjwa asiyepona wakaiweka mezani. Mi kila nikitafsiri nikakwama huwa nakumbuka huo mstari, najiuliza hawa wangeniona na kile kipeperushi changu wangesemaje. Wakatoliki nao wanamjua Mtakatifu Yuda Tadei, kwa kiingereza anaitwa patron of desperate cases, kwa kiswahili utasikia ni wa mambo yaliyoshindikana. Ni desperate ile ile ya kitabibu, kesi ambayo madaktari wameshaweka kalamu chini.

Tahadhari ya hii kazi ya tatu: sifa mara nyingi huwa mbaya, au ya kutamani kitu kama keen, anxious, eager. Huwezi kusema "the food was desperately good", inagoma kabisa. Na ukisema "he was desperately cheerful" umesema kitu kingine kabisa, umesema jamaa alikuwa anajilazimisha uchangamfu huku ndani anaungua, kama mtu anayecheka cheka kwenye harusi ya ex wake. Ukiwa na furaha ya kweli tumia incredibly, so, really, hizo hazina makovu.

Sasa tuje kwenye mahali pa kuliweka, maana hapa kiswahili chetu kinatuponza. Sisi tunasema nahitaji sana nyumba, "sana" inakaa katikati ya kitenzi na kitu, iko sawa kabisa. Ukibeba hiyo hiyo ukaipeleka kiingereza unapata "I need desperately a house", na hapo mwingereza anakunja uso. Kiingereza hakipendi mtu aingie kati ya kitenzi na kitu chake. Liweke mbele ya kitenzi, "I desperately need a house", au mwisho kabisa, "I need a house desperately", lakini ya mbele ndo inasikika ya kawaida zaidi. Kukiwa na is, are, was, linaingia baada yake: "we are desperately looking for her", "blood is desperately needed". Kukiwa na vitenzi visaidizi viwili kama had been, linakuja baada ya vyote: "they had been desperately hoping for rain". Tried ni rafiki wa pande zote, "desperately tried to" na "tried desperately to" zote zinatembea.

Alafu hii hapa ni muhimu kuliko zote kwenye mambo ya nafasi, kanusho. Angalia:

"I don't desperately need the money."
"I desperately don't want to borrow money."

Ya kwanza: hela ikija sawa, isipokuja maisha yanaendelea, sina shida nayo kihivyo. Ya pili: kukopa sitaki, sitaki, sitaki, niko tayari kulala njaa. Don't imehama nafasi moja tu na maana imetoka kwenye kutojali ikaenda kwenye kiapo. Ukiandika meseji kwa mtu anayekudai angalia vizuri unatuma ipi.

Na ile ya kwanza, ya not mbele ya desperately, waingereza wanaitumia sana kama adabu ya kuficha. Mtu akikwambia "I'm not desperately keen on fish" usifikiri ni kidogo kidogo tu anapenda samaki, huyo samaki hataki, ila hataki kukuudhi umeshapika. "It's not desperately important" ni ruhusa ya kuiacha mpaka kesho. Kiswahili ndo ile "siyo kihivyo", kwa sauti ya kushuka. Mmarekani hawezi kukuchanganya sana na hii, ni ugonjwa wa Uingereza zaidi.

Wanaoangalia mpira wa Uingereza kwa kiingereza hili neno mmeshalisikia mara elfu bila kujua. "Desperately unlucky", shuti limegonga mwamba likatoka. "Desperately close", limepita sentimita chache nje. Alafu timu ndogo inaongoza bao moja, dakika za nyongeza, wachezaji kumi wote wapo ndani ya boksi, mpira unapigwa popote, mtangazaji anasema "they're hanging on desperately here", na wetu wa redioni pale pale anasema wanaokoa kwa jino na ukucha, roho mkononi. Hiyo ni tafsiri bora kuliko utakayoipata kwenye apu yoyote, na jamaa anaitoa papo hapo bila kufikiri. Ukitaka kujifunza hivi vielezi, sikiliza mechi moja mara mbili, kipindi kimoja kwa kiingereza kipindi kimoja kwa kiswahili.

Kuna matumizi ya utani pia. "I'm desperately trying to look busy", bosi anapita na wewe huna unachofanya, umefungua faili tupu unaligonga gonga. "I was desperately trying not to laugh", upo msibani na mjomba amekoroma. Hapa hamna anayezama, lakini utani unafanya kazi kwasababu msomaji anaijua ile picha ya anayezama. Usiitafsiri kwa maneno mazito basi, "najikaza nisicheke" inatosha.

Spelingi. Hapa hata wenye kiingereza chao wanaanguka, utakuta "desparately" imeandikwa mpaka kwenye mabango. Mi nina njia yangu ya kukumbuka ambayo mwingereza hana, ipo kwenye kiswahili. Ndani ya desperate kuna pera. Tunda. Des-pera-te. Na lile neno jingine linalochanganywa nalo, separate, la kutenganisha, ndani yake kuna para, na kupara samaki ni nini kama siyo kutenganisha magamba na nyama? Ukimpara samaki umeseparate, ukililia pera uko desperate. Imeisha, hutakosea tena. Kisha unaongeza ly na ile e ya mwisho unaiacha hapo hapo, desperately, usiile. Kuna neno la tatu jirani yao, disparate, hilo maana yake ni vitu visivyofanana kabisa, na simu yako haitakupigia mstari mwekundu ukikosea kwasababu ni neno halali, kwahiyo soma kabla hujatuma.

Kutamka sasa. Kiswahili kinakaza silabi ya pili kutoka mwisho, ndo maana wengi tunasema despeREtli, au mbaya zaidi despeREITli kama vile kuna rate ndani. Wenyewe wanakaza mwanzo kabisa na katikati wanaimeza: DES-prit-li. Silabi tatu tu. Ile "pera" niliyokwambia ni ya kuandikia, usiitamke, ukiitamka tunaanza upya.

Na ukiliunganisha na neno jingine kabla ya nomino, usiweke kistari: "desperately needed medicine", siyo "desperately-needed". Maneno yenye ly yanajitegemea. Usiongeze pia very mbele yake kwenye kazi ya tatu, "very desperately ill" ni kama kusema mahututi sana sana, mahututi ameshafika mwisho wa ngazi. So desperately inaruhusiwa, "she wanted it so desperately that she sold the cow".

Majirani zake. Urgently wengi wanaifanya pacha wake na siyo pacha. Urgently inaangalia saa, desperately inaangalia moyo na ukubwa wa shida. Ofisi inaweza "urgently need" wino wa printa kabla ya saa sita bila mtu yeyote kuumia roho. Frantically ni haraka iliyochanganyikiwa, mikono inatetemeka, mtu anatafuta funguo huku teksi inapiga honi nje. Hopelessly ni hakuna namna, "hopelessly lost" umepotea na hakuna njia ya kurudi, na ndo ipo karibu na ule mzizi wa kilatini kuliko hata desperately yenyewe. Na lile neno nililoahidi, la mtu aliyeacha kupiga maji, ni despairingly, au in despair. "He sat down in despair." Huyo ndo wa kukata tamaa. Kwahiyo kamusi yako ikikuandikia kukata tamaa kwenye desperately, ihamishe hiyo maana hapo kwenye despairingly.

Mahali pa kutolitumia. Barua ya kazi. Mdogo wangu alinitumia barua yake niipitie, mistari mizuri tu, cheti hiki, uzoefu ule, alafu mwisho kaweka "I desperately need this job." Nikampigia. Nikamwambia dogo, hiyo ni kweli, wote nyumbani tunajua ni kweli, lakini anayeisoma hapo anasoma "nichukueni kwa mshahara wowote", au anajiuliza huyu kwanini hakuna mwingine aliyemtaka. Akanijibu lakini kaka si nimwambie ukweli? Mwambie, ila kwa neno lingine. Tuliweka "I would very much like to join your team" na tukaongeza sentensi moja ya kazi aliyoifanya kwa mikono yake, kuhesabu stoo ya duka la jumla mwaka mzima bila upungufu. Kuombea msaada wa kijiji desperately ni halali yake, kujiombea mwenyewe mbele ya mtu anayepanga mshahara inakushusha bei.

Mapenzi ni vivyo hivyo. "I'm desperately in love with you" kwa mtu mliyeoana au mnaojuana miaka ni tamu, kwa mtu mliyeanza kuchati alhamisi ni ya kutisha, atakublock. Na ujue desperate kama sifa ya mtu, bila ly, mitaani kwetu tayari ni tusi la nusu, "yule yuko desperate" ni mtu anayejigonga gonga kwa kila mtu, na kwa kiingereza nako ni hivyo hivyo. Kama upo Uingereza ukasema tu "I'm desperate" ukakatisha hapo, wenyeji wanaweza kukuonyesha choo kilipo, kwasababu ndo namna mojawapo ya kusema haja imekubana. Siyo mbaya, ni vizuri kujua.

Jaribu hizi mwenyewe kabla hujasoma majibu yangu, funika kwa mkono au shusha simu.

"The hospital is desperately short of blood." Mi ningesema hospitali imepungukiwa damu vibaya sana, na kwenye tangazo rasmi ningeandika hospitali ina uhaba mkubwa mno wa damu.

"The fishermen clung desperately to the upturned boat." Wavuvi waliing'ang'ania boti iliyopinduka. Ukitaka ongeza kufa na kupona, ila kung'ang'ania peke yake imeshalowa maji ya kutosha.

"I'm not desperately fond of okra." Bamia siipendi kihivyo. Usimpakulie.

Turudi upande wa pili, kutoka kiswahili: "Bibi alitamani mno kumwona mjukuu wake wa kwanza." Grandmother desperately wanted to see her first grandchild. Kazi ya pili, mbele ya kitenzi, haina neno.

Na hii: "Daktari alitikisa kichwa kwa kukata tamaa." Kama umeandika desperately, daktari wako anatikisa kichwa kama mtu anayefukuza nyuki. Ni despairingly.